Ibada ya Kwanza ya Gari la Mzee Mlowe

Vijana wa gereji, mmeuliza habari ya oili ya kwanza, mkasema niandike. Haya, nimeandika. Mimi darasa la nne sikulimaliza. Mwalimu aliniuliza tatu mara saba, nikamuuliza tatu za nini, tukaachana hapo. Kwa hiyo atakayekuta herufi imekaa vibaya ajue nimeiweka mwenyewe na asiniguse. Habari za nani alinipandisha cheo hamtazikuta humu. Gereji ilikuwa yangu, ningejipandisha wapi? Juu ya bati?

Nilianza kama utingo kwenye lori la mbao, Njombe na Makambako, Makambako na Njombe, baridi mpaka masikio yanakuwa ya mtu mwingine. Lori lile lilikuwa linaharibika sana, na kila likiharibika tulikuwa tunalipeleka kwa Fundi Kaduma, pale Makambako. Mwishowe nikaona wanaokula vizuri ni wanaobaki kwa Kaduma, siyo wanaoondoka na lori. Nikabaki.

Siku ya kwanza nilidhani atanipa spana. Alinipa beseni. Beseni la enameli, jeupe, na sabuni.

"Osha."

"Halafu?"

"Halafu uoshe."

Kaduma alikuwa mtu mchungu. Sijawahi kumsikia akimsifu mtu, hata marehemu. Lakini alikuwa hamwagi oili ya gari la mtu kwenye shimo wala kwenye dumu lililokatwa kama wafanyavyo wengine. Aliimwaga kwenye beseni jeupe, akalipeleka juani, akachuchumaa mbele yake, akachovya vidole viwili na kusugua. "Oili inasomwa," aliniambia. "Wewe barua hujui kusoma, basi jua hii." Nikajua. Oili yenye maji inafanana na chai ya maziwa. Oili iliyoungua inanuka jiko lililoachwa. Ikiwa na vumbi la shaba, mwenye gari mwambie akae kwanza, ndipo umwambie.

Alinifundisha na jambo la pili, hili la mdomo: "Mteja hakosei mpaka nati ifunguke." Maana yake, usibishane na mtu mbele ya gari lililofungwa. Mwache aseme. Fungua nati ya oili, beseni litasema lenyewe. Nimekula kwa maneno hayo miaka yote. Kaduma alipofariki, wanawe waligawana nyumba na ng'ombe, mimi nikapewa beseni. Nilipata kikubwa kuliko wao, ila sikuwaambia.

Sasa, kuna neno moja ninyi mnalitumia vibaya, na sisi tulilitumia vibaya kabla yenu. Gari jipya. Makambako mtu akisema kanunua gari jipya, anamaanisha Mjapani amelichoka. Nimepokea magari mapya ambayo yalinizidi uzoefu. Katika kazi yangu yote nimemwaga oili ya gari mara ya mia, mara ya mia mbili, lakini oili ya kwanza, ile iliyowekwa kiwandani injini haijajua dunia, sikuwa nimewahi kuiona kwa macho. Nilikaribia kustaafu bila kuiona, kama mkunga ambaye kila akiitwa anakuta mtoto ameshaota meno.

Ndipo Mzee Mlowe akanunua gari.

Mzee Mlowe ni mkulima wa Kifanya, viazi na miti, na mzee wa kanisa kwa Walutheri. Lori lake la zamani nililitengeneza mpaka likawa tunalijua watu wawili tu, mimi na yeye, kiwanda kilishalisahau. Mkewe alitangulia siku nyingi, akamwacha na binti mmoja, Vaileti. Vaileti akasoma, akapata kazi ya ualimu Ludewa, akampata kijana wa Lupingu, kule chini ziwani. Mvuvi, mpole, na Mkatoliki. Mzee alichukua muda mrefu kulimeza hilo la mwisho.

Siku ya mahari, maneno yalimponyoka. Alisema mbele ya wakwe: "Binti yangu atashuka Lupingu ndani ya gari ambalo hajawahi kukaa mtu mwingine." Mkwe mmoja akacheka, akasema hata la mtumba litatosha, barabara yao haichagui. Wakwe walipoondoka, mzee akauza shamba la miti, akaenda Dar es Salaam, akarudi na pikapu ya milango minne, mpya, mpya ya kweli.

Akanipigia simu. "Fundi, njoo Kifanya. Gari lina kilomita mia nane na ushee, sitaki litembee bure."

Nikamfuata kwa basi. Nilikuta gari limefunikwa turubai uani, nailoni za viti hazijatolewa, na kuku wamehamishiwa kwa jirani. Vaileti alikuwa likizo, anachambua maharage mlangoni.

"Shikamoo, baba fundi."

"Marahaba. Kamwene," nikamsalimia kikwetu.

"Kamwene. Ongea na baba yangu, mimi ameshanishinda."

Mzee Mlowe alikuwa mezani na kitabu cha gari, cha Kiingereza, na ile simu inayosoma maandishi ukiielekeza na kuyageuza Kiswahili. Akaiinua juu ya ukurasa kwa mikono miwili. Simu ikasema kwa sauti ya mwanamke asiye na shaka: "Usizidishe kilomita elfu moja bila ibada ya kwanza. Katika ibada ya kwanza, mafuta yabadilishwe."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hiyo ni sevisi, mzee. Kumwaga oili."

"Imesema ibada."

"Baba, kitabu kimeandika sevisi," Vaileti akasema kutoka mlangoni.

"Na ile ya kanisani Jumapili, ya asubuhi, Kiingereza mnaiitaje?"

Vaileti akarudi kwenye maharage.

"Sema. Nimekusomesha."

"Sevisi."

"Haya."

Vijana, nimebishana na madereva wa malori, na polisi wa barabarani, na mke wangu. Hakuna aliyewahi kunifunga goli safi namna ile.

Nikaingia kwa njia ya hesabu. Kutoka Kifanya mpaka Lupingu kunakaribia kumaliza zile kilomita zilizobaki, na bado kuna kurudi. "Acha nimwage leo. Nina oili, nina filta, nina beseni. Injini si karani, haitakuuliza kwa nini mia nane na siyo elfu."

"Mtoto habatizwi akiwa tumboni."

"Basi tutamwaga mkirudi."

"Imeandikwa usizidishe."

"Basi lizungushe hapa kijijini mpaka zifike."

"Gari la harusi? Na tope hili?"

Tukaenda kwa mchungaji. Kwa miguu, gari lisitembee bure. Mchungaji wa pale ni kijana, ana heshima. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Mzee wangu, gari halina ibada. Wanaosafiri nitawaombea kwa furaha."

"Na mafuta?"

"Mafuta yapi?"

"Yabadilishwe, imesema."

"Mzee, sisi Walutheri hata ya kwanza hatuna, tutabadilisha nini? Hayo ya kupaka waulize wakwe zako."

Alitania tu. Lakini neno wakwe lilimpata Mzee Mlowe mahali pabaya. Tukarudi. Karibu na nyumbani akasema, "Wajukuu zangu watasali kwa kupiga magoti na kengele."

"Harusi bado, mzee."

"Najua kama bado."

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kuna nati nyingine haijafunguka. Nikangoja, kama nilivyofundishwa.

Harusi ilikuwa Jumamosi asubuhi, kanisani Lupingu, na mzee akaamua nisafiri nao, ili kilomita zikifika fundi awepo. Ndugu wote walitangulia na basi dogo la Kosta. Kwenye pikapu tukawa wanne: mzee kwenye usukani, mimi pembeni yake, nyuma bibi harusi na shangazi yake Eliza, anayeongoza kwaya ya akina mama. Bodi la nyuma lilijaa vitu vya bibi harusi: godoro, sufuria, mabeseni, viazi gunia zima. Oili na filta na dumu tupu niliweka chini ya kiti. Beseni langu Mzee Mlowe alilishusha pale Kifanya bila kuniambia. Nilipouliza tukiwa njiani alisema, "Beseni la oili chafu halisafiri na shela." Beseni la Kaduma! Nilivumilia kwa sababu ya mtoto.

Tulilala Ludewa kwa ndugu. Asubuhi Vaileti alivaa, akatoka amependeza mpaka mbuzi wa mle uani wakaacha kutafuna. Nikamwambia mzee, hapa ndipo mahali. Uwanja uko sawa, jua linatoka, namwaga sasa hivi, tunateremka mlima tukiwa salama.

Akachungulia dashibodi. "Bado."

Tukaanza kuteremka. Anayeijua njia ile anajua. Ukuta kulia, hewa kushoto, na ziwa chini kabisa limetulia kana kwamba halihusiki. Mzee aliendesha polepole kuliko mtu anayetembea, jicho moja barabarani na jingine kwenye namba. Kule nyuma nailoni za viti zilikuwa zinamtelezesha bibi harusi. Kila kona anahamia kwa shangazi, kila kona shangazi anamrudisha.

Halafu mzee akafunga breki, akazima injini.

"Mia tisa tisini na tisa."

"Baba, hapana," Vaileti akasema.

"Haizidi bila ibada."

Simu ya Shangazi Eliza ikalia. Ni wale wa Kosta, walishafika. Tulisikia sote, maana shangazi anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mko wapi? Padri ameshavaa!"

"Tuko ibadani!"

"Ibada gani?"

"Ya gari!"

Simu ikakatwa upande wa pili.

Vaileti hakupiga kelele. Alishika shela lake kwa mikono yote miwili, akaangalia ziwa. Chini kule, kijana wa watu alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, na mkwe yule aliyecheka siku ya mahari bila shaka alikuwa ameanza kucheka tena. Nikaona hapa bila fundi hakuna harusi.

"Mzee, nitamwaga. Ila hapa pameinama, oili haitatoka yote. Pale nyuma kwenye kona pamekaa sawa. Rudi nyuma kidogo."

Uso wake ukang'aa. "Nikirudi nyuma zitapungua?"

Mteja hakosei mpaka nati ifunguke. Nikageuka kumwangalizia nyuma.

Akawasha, akarudi nyuma kwa furaha ambayo sijaiona tangu aliponunua lile gari. Akarudi, akarudi, mpaka kwenye kona. Akaangalia dashibodi. Ilikuwa imeandika elfu moja.

"Imefika," akasema. "Imefika kwa kurudi nyuma."

"Magurudumu yamezunguka, mzee. Yenyewe hayajui unaelekea wapi."

Akabaki ameshika usukani. Angekaa pale mpaka leo kama Vaileti asingefungua mlango. Aliteremka na viatu vyake vyeupe kwenye changarawe, akaenda kwenye bodi, akarudi na beseni. Jeupe, jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Baba fundi, chukua."

"We mtoto!" Shangazi Eliza akapiga ukelele. "Hilo ni la kumnawisha mumeo!"

"Atanawa kwenye sufuria. Shangazi, anzisha wimbo. Baba, teremka tusali."

Basi ndivyo ilivyofanyika ibada. Shangazi akaanzisha, mimi nikaingia chini ya gari na spana, mgongo kwenye changarawe. Nati ya kiwandani ni ngumu, haijawahi kuguswa na binadamu. Nilipoilegeza, oili ilitoka ya moto na kunitiririkia mpaka kwenye kiwiko, wao wakiwa ubeti wa pili.

Wakapita watu wawili na pikipiki, wamebeba samaki. Wakaona gari limesimama, mwanamke mwenye nguo nyeupe, mzee ameinamisha kichwa, miguu ya mtu imelala chini. Wakavua kofia. Mmoja akainama kwangu.

"Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Ni oili."

"Poleni sana," akasema, akamkabidhi Shangazi Eliza samaki wawili, mbasa wa ziwani. Shangazi akapokea, kwa sababu sadaka hairudishwi.

Halafu Mzee Mlowe akaanza kuomba. Mimi niko chini, nasikia kila neno.

"Bwana, gari hili umenipa wewe. Nimelitunza. Sikuliacha mvuani. Leo linakwenda njia ambayo mimi siijui. Lisishikwe na mtu mwenye haraka. Lisipakiwe mzigo usio wake. Mlimani likipandisha joto, awepo mtu wa kusimama kando alisubiri." Akavuta pumzi. "Akipiga kelele wamsikilize, wasiongeze sauti ya redio. Wasimlaze na njaa. Akikosa njia wasimcheke, wamwelekeze. Na akitaka kurudi nyumbani kusalimia, mlima usimshinde."

Sasa mimi ni mtu wa darasa la nne, na hilo nimeshawaambia. Lakini hata mimi najua gari ni "li". Gari linapandisha joto, gari linakosa njia. Mzee alianza na "li", akafika katikati akahamia kwenye "a", na hakurudi tena. Kule juu wimbo ulikuwa umekwisha, na oili ilikuwa imebaki matone.

"Baba," Vaileti akasema, "unaliombea gari au unaniombea mimi?"

"Nyamaza. Niko ibadani."

"Amina," Shangazi akasema haraka, kabla hajaendelea.

Nilitoka chini na beseni, nikaliweka juani. Vijana, niliisoma. Ilikuwa nyeusi kidogo tu, na ndani yake kulikuwa na mng'aro, laini, kama poda ya akina mama imemwagika humo. Sijawahi kuona oili ya namna ile kabla wala baada. Wote watatu wakachuchumaa kuzunguka beseni, bibi harusi na shela lake amelikunja magotini.

"Limeharibika?" mzee akauliza.

"Halijaharibika. Ni chuma kinazoeana na chuma. Vinasuguana mwanzoni, vinatoa vumbi, kisha vinakaa. Ndiyo maana ya kuimwaga mapema, vumbi lisibaki mle ndani likakwaruza. Ingekuwa haina kitu, ningesema injini haijawashwa."

Mzee aliitazama, kisha akamtazama binti yake.

"Haya," akasema. "Weka mpya."

Nikafunga filta, nikaweka oili mpya, nikapima kwenye kijiti, nikamimina ile ya zamani kwenye dumu. Tukateremka. Safari hii mzee hakuangalia namba, na kusema kweli aliendesha mpaka mimi ndiye niliyeanza kusali.

Padri alikuwa mlangoni mwa kanisa, jasho linamtoka. Bwana harusi alikuwa nyuma yake, amekaa kwenye ngazi, na alipoona gari alisimama akajigonga kichwa kwenye mlango.

"Mzee, mmetutia hofu. Mlikuwa wapi?"

"Padri, tulikuwa kwenye ibada ya kwanza."

Padri akamtazama. Akanitazama na mimi, mkono mweusi mpaka kiwikoni. Akamtazama bibi harusi mwenye tone la oili kwenye pindo, na Shangazi Eliza na mbasa wake wawili.

"Sisi huku tunaita misa," akasema. "Lakini ingieni, nitaihesabu ya pili."

Mzee Mlowe akaingia. Kengele ilipolia akapiga goti kama wengine, amechelewa kidogo, lakini akapiga.

Basi, mliouliza habari ya oili ya kwanza na safari ndefu, jibu langu ni hili. Kama safari itakuvusha kiasi kilichoandikwa, mwaga kabla hujaondoka, pahali palipo sawa, injini ikiwa ya moto. Kama utakosea kwa kilomita chache, mbele au nyuma, injini haitakushtaki. Endesha kwa upole, usivute tela, mwaga ukifika. Usiahirishe mpaka ukasahau, basi. Na uimwage kwenye beseni jeupe. Beseni la Kaduma nimelifuata Kifanya, limerudi, lipo gerejini kwenu, na atakayefulia nguo ndani yake tutaonana.

Mimi nimefunga kazi. Lakini juzi Mzee Mlowe amenipigia. Kitabu chake kinasema ibada ya pili ni kilomita elfu tano, na mkulima wa viazi wa Kifanya hizo anazimaliza kwa mwaka, tena akijitahidi. Viazi vyake havijatoa hata maua.

"Fundi, imefika."

"Imefika? Umekwenda wapi, mzee?"

"Naizoesha injini."

"Unaizoesha wapi?"

"Huko huko."

Nikamwambia nimestaafu, alipeleke kwa vijana Makambako. Akasema Makambako ndiko nilikostaafu, Lupingu sijaanza. Nishuke tu Jumamosi. Gari liko kwa binti yake, na beseni lipo.